Rangi ya bei chee: Mwenye daladala anafaidi, mwenye kuuza gari anaumia

Katika gereji za Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, swali moja huulizwa kila siku na watu wa aina mbili. Wa kwanza ana gari la kazi linalomwingizia fedha kila jioni. Wa pili ana gari ambalo anataka kuliuza. Wote wawili huuliza: nipige rangi ya bei chee au niliache lilivyo?

Fundi huwapa jibu moja: piga, gari litang'aa. Safu hii inaona kwamba jibu hilo linamfaa mtu wa kwanza, tena kwa masharti. Mtu wa pili akilifuata, mara nyingi atakuwa ametupa mtaji wake.

Sababu ni kwamba watu hawa hawanunui kitu kimoja. Mwenye gari la kazi ananunua kinga ya bati na ruhusa ya kuendelea kufanya kazi barabarani. Mwenye kuuza ananunua macho ya mteja, na mteja wa leo si yule wa mwaka 1983.

SOKO LILIVYOGEUKA

Wasomaji wenye umri wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 1984, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na gari likiwa adimu zaidi. Mwaka huo Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na polepole mlango ukafunguka. Baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani.

Katika enzi ya uhaba, rangi mpya ilikuwa sifa. Ilimaanisha mwenye gari ana uwezo na analitunza. Mnunuzi hakuwa na la kulinganisha, na kwa kuwa magari yote yalikuwa yamekwisha kurudiwa rangi mara moja au mbili, hakuna aliyeshangaa.

Leo mnunuzi anaingia yadi na kukuta magari matano ya aina moja, mengi yakiwa na rangi ya kiwandani. Ndiyo maana madalali wanapotangaza gari husema kwa majivuno kwamba ni rangi yake, halijarudiwa. Maneno hayo yana bei. Anayepiga rangi ya bei chee kabla ya kuuza anajinyang'anya mwenyewe haki ya kuyasema.

KWA NINI NI BEI CHEE

Ili mfanyabiashara aelewe anachonunua, ni vema ajue bei inapungulia wapi.

Kiwandani, bodi la gari huoshwa, hutumbukizwa katika rangi ya kuzuia kutu, kisha hupuliziwa rangi na kuokwa katika joto linaloweza kuzidi nyuzi 140. Tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo, lakini zimeshikana na bati kwa nguvu. Gereji haiwezi kuoka gari kwa joto hilo, kwa sababu tayari lina nyaya, plastiki, mipira na mafuta. Hivyo hutegemea rangi inayokauka kwa njia nyingine.

Njia ya rahisi ni selulosi. Hii hukauka haraka kwa sababu thina inaruka hewani na kuiacha rangi. Ubaya wake ni kwamba thina ikirudi, rangi nayo inalainika tena. Hata petroli ikimwagika wakati wa kujaza tangi inaweza kuacha alama. Tena ikipulizwa katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ile ya masika ya Pwani, huweza kufanya weupe kama ukungu.

Njia ya pili ni rangi ya sintetiki, ile inayokauka polepole kwa kupigwa na hewa. Nayo ni ya bei nafuu, lakini wakati inasubiri kukauka inakusanya vumbi la mtaa mzima. Njia ya tatu ni rangi inayochanganywa na kigumisho, ambacho mafundi huita hadena. Hii haisubiri kukauka tu, bali inaungana na kigumisho na kuwa kitu kimoja kigumu. Inastahimili petroli, jua na kuoshwa mara kwa mara. Bei yake ndiyo inayowakimbiza wateja.

Hata hivyo, si aina ya rangi peke yake inayofanya kazi iwe rahisi. Sehemu kubwa ya kazi ya rangi haihusu rangi kabisa. Ni kufungua taa, bampa na vishikio vya milango, kupiga msasa, kunyoosha bati, kupaka praima na kupiga msasa tena. Hapo ndipo saa za kazi zinapokwenda, na hapo ndipo fundi wa bei chee anapookoa muda wake. Badala ya kufungua taa anaibandika gazeti. Badala ya kukata bati lililooza anajaza pati.

Mambo haya si ya hapa kwetu tu. Nchini Marekani, Earl Scheib alianzisha biashara ya rangi ya bei ya chini mjini Los Angeles mwaka 1937, na kwa miaka mingi kampuni yake ilijulikana kwa tangazo la kupiga gari lolote rangi yoyote kwa dola 29.95. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2010, lakini nyingine ya aina hiyo, Maaco, iliyoanza mwaka 1972, bado ipo. Siri ya biashara hiyo ni ileile ya Gerezani: magari mengi, muda mfupi, maandalizi machache. Wateja wa huduma hiyo hawakosekani kokote duniani. Jambo la kujiuliza ni nani hasa anayepaswa kuwa mteja.

HESABU YA MUUZAJI

Tuchukue mfano wa hesabu, na msomaji aweke humo bei za gereji yake na gari lake. Tuseme mtu ana gari dogo la kutembelea. Boneti imepauka kwa jua na mlango mmoja una mikwaruzo. Likiwa hivyo hivyo, kuna mteja yuko tayari kutoa Sh. 8,500,000.

Fundi anataka Sh. 700,000 kupiga gari zima. Ili mwenye gari asipate hasara, ni lazima aliuze kwa Sh. 9,200,000. Hapo hajahesabu siku ambazo gari limelala gereji bila kuonwa na wateja, wala riba kama fedha ni ya mkopo.

Sasa anakuja mnunuzi na fundi wake. Fundi anapitisha kidole kwenye mpira wa dirisha, anakuta rangi imerukia. Anafungua mlango, anaona ukingo wa ndani una rangi tofauti kidogo na ya nje. Kuanzia hapo mazungumzo si ya gari tena, ni ya kilichofichwa. Liligongwa? Lilizama kwenye maji? Kutu iko wapi? Mnunuzi hana njia ya kujua, kwa hiyo anajikinga kwa kushusha bei. Akitoa Sh. 8,300,000, muuzaji aliyetumia Sh. 700,000 amepoteza jumla ya Sh. 900,000 ikilinganishwa na kama angeliuza lilivyokuwa.

Jambo hili wachumi walikwisha kulieleza. Mwaka 1970 George Akerlof wa Marekani alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji akijua ubovu wa gari na mnunuzi asijue, mnunuzi humpa kila muuzaji bei ya wasiwasi. Wenye magari mazuri wanaona bei hiyo haiwafai, wanajitoa, na soko linabaki na mabovu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Spence kwa upande wake alionyesha kwamba ishara ya ubora huaminika pale tu inapokuwa ghali kwa mwenye kitu kibovu kuiiga.

Rangi ya bei chee haina sifa hiyo. Mwenye gari zima anaweza kuipiga, na mwenye gari lililooza anaweza kuipiga vilevile. Kwa hiyo haimwambii mnunuzi chochote isipokuwa kwamba kuna mtu aliona haja ya kufunika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika yadi za magari, rangi mbichi ndiyo mavazi ya kutembelea.

Wenye yadi watapinga. Watasema gari linalong'aa ndilo linalomfanya mteja asimame, na lililopauka halisimamishi mtu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kumsimamisha mteja si kumuuzia. Tena, kung'aa kunapatikana kwa fedha kidogo zaidi. Rangi ya kiwandani iliyopauka mara nyingi huwa imepauka juu tu, na fundi mzuri akiipiga polishi hurudi kwa kiasi kikubwa. Katika mfano wetu, polishi ya gari zima na rangi nzuri kwenye mlango mmoja ikigharimu Sh. 250,000, muuzaji anahitaji Sh. 8,750,000 tu ili asipate hasara, na bado anaweza kusema bila kusita kwamba sehemu iliyobaki ni rangi yake.

Ipo pia faida anayoipata muuzaji asiye mwaminifu akikutana na mnunuzi asiye na fundi. Safu hii haiiiti biashara. Mara nyingi anayenaswa ni mtumishi aliyetoka kupokea kiinua mgongo, au mama aliyevunja akiba yake ili aingize gari kwenye teksi. Miezi michache baadaye pati inapasuka, bati lililooza linatokea, na mtaji wa maisha umekwenda. Hasara ya mtu huyo inahamia kwa wauzaji wote, kwa sababu ndugu na jirani zake hawataamini tena gari lenye rangi mpya, hata kama lilipigwa kwa nia njema.

HESABU YA MWENYE GARI LA KAZI

Tugeukie mwenye daladala, pikapu ya kubebea mzigo au Hiace ya kukodisha. Huyu hauzi kung'aa. Abiria wa Mbagala haulizi unene wa rangi, anauliza kama kuna nafasi.

Tuseme dereva humletea mwenye gari Sh. 80,000 kwa siku, na gari hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Rangi ya bei chee inagharimu Sh. 900,000 na gari linalala gereji siku tano, yaani Sh. 400,000 zisizoingia. Jumla ni Sh. 1,300,000. Tuseme rangi hiyo inastahimili miezi 18 kabla ya kuchakaa. Hizo ni siku za kazi 468, sawa na takriban Sh. 2,780 kwa siku.

Rangi nzuri yenye kigumisho, kwa maandalizi kamili, inagharimu Sh. 2,800,000 na siku 12 gereji, ambazo ni Sh. 960,000. Jumla ni Sh. 3,760,000. Kama ingedumu miaka mitano, siku za kazi zingekuwa 1,560 na gharama ingekuwa takriban Sh. 2,410 kwa siku. Kwa karatasi, rangi ya ghali ndiyo ya rahisi.

Lakini gari la kazi haliishi kwenye karatasi. Linabanana na bajaji, linakwaruzwa na bodaboda, linagongwa bampa stendi. Rangi inaweza kudumu miaka mitano, ila bodi la daladala haliachwi salama miaka mitano. Ikiwa baada ya miaka mitatu gari litahitaji kunyooshwa na kupigwa upya, siku za kazi ni 936 na gharama inapanda hadi takriban Sh. 4,020 kwa siku. Hapo rangi ya bei chee imeshinda, na bado mwenye gari amebaki na Sh. 1,900,000 mfukoni za kununulia matairi.

Kwa maneno mengine, asihesabu rangi itadumu miaka mingapi. Ahesabu gari litaiacha rangi hiyo salama kwa miaka mingapi.

Kuna na sababu nyingine. Daladala za Dar es Salaam hutakiwa kuwa na mstari wa rangi unaoonyesha njia, na usimamizi wa vyombo hivyo uko chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi katika Barabara ya Morogoro, daladala za barabara hiyo zilihamishiwa njia nyingine. Anayehama njia anahama na mstari wake. Kuweka rangi ya mamilioni juu ya gari ambalo linaweza kubadilishiwa njia ni kujifunga mikono.

Msomaji aangalie pia sehemu ya siku za gereji katika mfano huu. Katika rangi ya Sh. 1,300,000, karibu theluthi moja ni mapato yaliyokosekana, na fundi haandiki fedha hiyo kwenye bei yake. Mwenye gari mwerevu hupeleka gari kwenye rangi wakati uleule injini inapofunguliwa au gia boksi inapotengenezwa, ili siku moja ya kulala ilipe kazi mbili.

PALE AMBAPO BEI CHEE INAWAUMIZA WOTE

Lipo jambo moja linalofuta hesabu zote hizi, nalo ni kutu. Rangi haiponyi kutu. Pati haiponyi kutu. Pati iliyowekwa juu ya bati lililooza hunyonya unyevu, na chini yake bati linaendelea kuliwa bila kuonekana. Kwa gari la Pwani, linalopata jua, chumvi ya bahari na maji ya mvua yaliyosimama barabarani, hali hiyo inakwenda haraka.

Mwenye gari lenye kutu chini ya milango au kwenye matao ya matairi atumie fedha yake kwanza kukata bati bovu na kuchomelea jipya. Fedha ikibaki, apake praima na rangi ya bei chee. Fedha isipobaki, bora praima juu ya bati zima kuliko rangi ya kupendeza juu ya bati bovu.

La pili ni kubadilisha rangi. Kadi ya gari inataja rangi ya gari. Anayelitoa kwenye bluu na kulipeleka kwenye nyeupe bila kurekebisha kumbukumbu zake TRA anajitafutia maswali barabarani na siku ya kuuza. Isitoshe, kubadilisha rangi kwa bei chee huacha rangi ya zamani ndani ya milango na chini ya boneti, na kila afunguaye anaiona.

La tatu ni afya ya fundi. Rangi yenye kigumisho hutoa mvuke wenye kemikali zinazoweza kusababisha pumu. Fundi anayepuliza rangi hiyo amejifunga kitambaa tu puani anamuuzia mteja pafu lake. Anayetaka rangi hiyo aipeleke mahali penye vifaa vya kinga na akubali kulipia.

USHAURI KWA MWENYE FEDHA NDOGO

Anayeamua kupiga rangi ya bei chee ajilinde kwa mambo machache. Kwanza, anunue rangi mwenyewe na ajue kama ina kigumisho au haina. Pili, agawanye malipo mara tatu: mwanzo, gari likiwa kwenye praima, na mwisho. Siku ya praima aende kwa miguu yake, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo kazi ya chini inaonekana. Tatu, apige picha hatua zote na kutunza risiti. Picha ya bati zima kabla ya rangi ni ishara ambayo mwenye bati bovu hawezi kuiiga, na siku ya kuuza itamsaidia kuliko mng'ao wenyewe. Nne, akwepe siku za masika kama gereji haina paa wala kuta.

Anayenunua naye asitishwe na kung'aa. Achukue sumaku ndogo, aifunge kitambaa, aipitishe kwenye bodi. Ikilegea ghafla juu ya bati, chini yake pana pati nene. Akague mipira ya madirisha, kingo za milango na vichwa vya bolti za mabawa. Alinganishe rangi na kadi. Mwenye gari akikubali, agusishe kitambaa chenye thina kidogo mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hiyo haina kigumisho, na bei ishuke.

Ni maoni ya safu hii kwamba rangi ya bei chee si ulaghai wala si ujinga. Ni bidhaa halali kwa mwenye gari la kazi, lenye bati zima, ambaye anajua ananunua miezi kadhaa ya kinga. Kwa mwenye kuuza, fedha hiyo ina matumizi bora: polishi, matairi yenye meno, na huduma ya injini yenye risiti. Mnunuzi wa leo akija na fundi, boneti ndiyo itakayofunguliwa kwanza.